Reli ya Magadi, Nta ya Lokichar

Mwaka 2012 sakafu ya Bonde la Ufa nchini Kenya ilitobolewa mahali pawili, na kila tundu likazaa habari yake. Tundu la kwanza lilikuwa Turkana, karibu na Lokichar, katika kisima kilichopewa jina Ngamia-1. Tarehe 26 Machi Rais Mwai Kibaki aliwatangazia Wakenya kwamba mafuta yamepatikana. Kampuni ya Tullow ya Uingereza na mshirika wake Africa Oil wa Kanada walikuwa wamefika kina cha mita 1,041 tu, wakakuta tabaka za mwamba zenye mafuta zinazofikia jumla ya mita 20. Waliendelea kushuka hadi mita 2,340, na kila walivyoshuka ndivyo furaha ya nchi ilivyopanda.

Tundu la pili lilikuwa kusini kabisa, Kajiado, katika uwanda wa Koora, ng'ambo ya Mlima Olorgesailie ukitokea soko la Oltepesi kwenye barabara ya Magadi. Hapo hakuja waziri wala kamera za televisheni. Watafiti wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani wakiongozwa na Rick Potts, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walishusha keekee mita 139 na kutoa mche mwembamba wa udongo, majivu ya volkano na matope ya maziwa yaliyokwisha kukauka. Ndani ya mche ule mlikuwa na kumbukumbu ya takriban miaka milioni moja ya mvua na ukame. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na wanaofuatilia asili ya binadamu bado wanayachambua.

Mwenye ng'ombe wa Oltepesi aliyesikia habari hizo mbili redioni angeweza kuuliza swali la haki: ikiwa bonde ni moja, na keekee ni ileile, kwa nini kaskazini watoe mafuta na sisi tutolewe udongo? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza kwa nini miaka mingi baadaye mafuta ya Turkana yenyewe bado hayajamtajirisha mtu wa Turkana.

Tuanze na miamba. Mafuta ya petroli hutokana na mabaki ya mimea midogo ya ziwani au baharini yaliyozikwa kwenye tope, tope likageuka mwamba, mwamba ukazikwa kilomita kadhaa chini ya mashapo mengine, ukapikwa polepole kwa mamilioni ya miaka. Joto likiwa kidogo, hayapatikani mafuta. Likizidi, yanageuka gesi au yanaungua kabisa. Bonde la Lokichar lilianza kufunguka zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, likajaa mashapo ya ziwa na mito kwa unene wa kilomita kadhaa. Kusini ni kuchanga. Mwaka 2014 watafiti wengine walichimba katikati ya Ziwa Magadi lenyewe, na walipofika karibu mita 194 keekee iligonga lava ngumu yenye umri wa takriban miaka milioni moja. Juu ya lava hiyo palikuwa na mashapo, chini yake volkano. Chemchemi za pembeni mwa ziwa hutokota hadi nyuzijoto zaidi ya 80. Ardhi ya namna hiyo ina haraka mno kiasi cha kutoweza kuzaa mafuta.

Haikuwa kwamba hakuna aliyejaribu kuangalia. Mwaka 1994 mradi wa kimataifa wa mitetemo uliojulikana kama KRISP ulipitisha mstari wake kutoka Ziwa Victoria, ukakata Bonde la Ufa eneo la Magadi, ukaelekea milima ya Chyulu na pwani. Baruti zililipuliwa, vinasa mitetemo vikasikiliza mawimbi yakirudi kutoka kilomita makumi chini ya ardhi. Lengo lilikuwa kuelewa jinsi bara linavyopasuka, wala si kutafuta pesa, lakini michoro ya aina hiyo ndiyo husomwa na wenye kampuni za mafuta. Baadaye Shirika la Taifa la Mafuta, lililoundwa mwaka 1981, lilishika kitalu nambari 14T, ambacho kinaingia katika eneo la Magadi, likafanya vipimo vyake. Kitalu hicho hakijampa Mkenya hata chupa moja ya mafuta.

Pale ambapo joto la chini ya Bonde la Ufa limepata kazi ni Olkaria, karibu na Naivasha. Visima vya kwanza vya majaribio ya mvuke vilichimbwa huko mwaka 1956, na mtambo wa kwanza wa umeme wa megawati 15 ukawashwa mwaka 1981. Wachimbaji wa Olkaria hushuka hadi kilomita tatu, na siku hizi hupindisha kisima chini kwa chini ili kukata nyufa nyingi zaidi za mwamba. Ujuzi ambao mtu hufikiri ni wa Texas peke yake umekuwa ukifanywa na Wakenya katika mashamba ya mvuke, na hauhitaji bomba la mamia ya kilomita kwa sababu umeme husafiri kwa waya.

Watu wa Kajiado wenyewe wanajua uchumi wa kuchimba kuliko wachumi wengi. Kuanzia Kitengela hadi Kajiado mjini na kushuka Oltepesi, kisima cha maji ni uamuzi wa ukoo mzima. Mwenye rigi hulipwa kwa mita. Akifika chini akakuta mwamba mkavu, anafunga mabomba yake, anaondoka na pesa yake, na ukoo unabaki na shimo. Akikuta maji, bado kuna pampu, mafuta ya jenereta au paneli za jua, tangi, mabomba ya kuyafikisha malishoni, na mara nyingine maji yenyewe yana floraidi inayoharibu meno ya watoto. Kukipata kitu chini ya ardhi ni theluthi ya kazi, tena theluthi rahisi. Wanaochimba mafuta hucheza mchezo huohuo kwa mabilioni.

Na Kajiado ina mfano mkubwa zaidi wa mchezo huo, uliochezwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Ziwa Magadi limejaa soda, ileile ambayo mama zetu huweka kidogo kwenye maharagwe yaive upesi, ila viwanda huitaka kwa tani ili kutengeneza kioo na sabuni. Wakoloni walipogundua ukubwa wa hazina hiyo walikuta tatizo ambalo halikuwa la kuchimba. Soda iko juu, wazi, unaikwangua. Tatizo lilikuwa umbali na mwinuko. Ziwa liko kwenye mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, ndani ya shimo lenye joto kali, na reli ya Mombasa iko juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,000 kutoka hapo kwenda juu. Soda ni mzigo mzito wa bei ndogo. Kila tani lazima ilipe nauli yake hadi Kilindini kisha ibaki na faida.

Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ililazimisha mkataba wa pili na Wamaasai, ule wa kuwahamisha kutoka Laikipia kwenda hifadhi ya kusini. Mkataba wa kwanza wa 1904 ulikuwa umeahidiwa kudumu. Kwa hiyo wakati watu na mifugo walikuwa wakisukumwa kuteremka kusini, mabehewa ya soda yalikuwa yakiandaliwa kupanda kaskazini. Wamaasai walikwenda mahakamani mwaka 1913, katika kesi iliyobeba jina la Ole Njogo, wakashindwa kwa hoja kwamba mkataba wao na Mwingereza ulikuwa kama wa taifa na taifa, na mahakama haina mamlaka juu ya mambo hayo. Hoja ya ajabu: iliwatambua kuwa taifa siku ile tu walipokuwa wakinyang'anywa.

Reli ilijengwa kutoka Konza, ikapita Kajiado, ikashuka kwenye bonde hadi ukingo wa ziwa, karibu kilomita 146. Kampuni ndiyo iliyobeba mzigo wa kuifanikisha kazi hiyo, pamoja na kiwanda na mji mzima katikati ya jangwa lisilo na maji matamu. Vita Vikuu vya Kwanza vikaingia, meli zikaadimika, soko likayumba. Mapato ya soda hayakutosha kulipa deni la chuma na madaraja. Kampuni ya kwanza ikakwama kifedha, na mwaka 1924 Brunner Mond wa Uingereza wakaichukua kwa kuipanga upya. Miaka miwili baadaye Brunner Mond wenyewe wakaingia ndani ya ICI. Reli ilikuwa pale tayari, imeshalipiwa kwa hasara ya watu wengine. Ndipo soda ya Magadi ikaanza kuwa biashara ya kudumu, iliyouzwa na kurithiwa hadi mwaka 2005 iliponunuliwa na Tata wa India.

Ukitaka kuielewa Lokichar, ielewe kwanza reli hiyo. Mwekezaji wa kwanza hulipa umbali. Wa pili hununua umbali uliokwisha kulipwa kwa bei ya mnada, kisha huonekana mwerevu.

Turkana nayo haikuanza na Ngamia. Utafutaji wa mafuta nchini Kenya ulianza miaka ya 1950, wakati BP na Shell walipoungana kupekua bonde la Lamu, na kisima cha kwanza, Walu-1, kikachimbwa mwaka 1960. Kikawa kikavu. Vikafuata vingine vingi vikavu. Miaka ya 1980 Amoco wa Marekani walipiga mitetemo Turkana na kugundua kwamba chini ya tambarare ya Lokichar kuna shimo la kale lililojaa mashapo. Mwaka 1992 Shell walichimba Loperot-1 katika bonde hilo, wakatoa kiasi kidogo cha mafuta mazito yenye nta. Pipa wakati huo liliuzwa chini ya dola 20. Shell walipiga hesabu ya kutoka Loperot hadi baharini, wakafunga kisima, wakaenda zao. Waliona mafuta miaka 20 kabla ya Kibaki kutangaza, lakini hawakuona faida.

Kilichobadilika kati ya 1992 na 2012 kilikuwa bei. Mwamba wa Turkana ulibaki uleule. Pipa lilikuwa limepita dola 100. Kwa bei hiyo jangwa hugeuka kuwa bandari. Tullow, waliokuwa wamefanikiwa kwenye Ziwa Albert nchini Uganda, walitafuta mahali pengine katika Bonde la Ufa penye sura ileile, wakapata. Baada ya Ngamia zikaja Twiga, Etuko, Ekales, Agete, Amosing, Ewoi, Etom. Karibu kila kisima kilipewa jina na kila jina likaandikwa kwenye magazeti. Mnamo Oktoba 2013 vijana wa Turkana wakaandamana wakidai kazi na zabuni, na shughuli zikasimama kwa muda. Wenyeji walikuwa wameshaona kwamba rigi huajiri watu wachache na huondoka haraka.

Mafuta ya Lokichar ni mazuri kwa viwanda vya kusafishia: yana salfa kidogo, na mtu wa kusafisha hulipia usafi huo. Ila yana nta. Chini ya ardhi, kwenye joto la kina, hutiririka. Juu ya ardhi, joto likishuka chini ya nyuzi 40 hivi, huanza kuganda kama mafuta ya kupikia yaliyoachwa kwenye sufuria usiku wa baridi. Tabia hiyo moja huingia katika kila senti ya mradi. Bomba la kawaida, kama lile la Mombasa hadi Nairobi lililoanza kazi mwaka 1978 kusafirisha petroli na dizeli, halifai. Bomba la Lokichar hadi Lamu, zaidi ya kilomita 820, lazima lizikwe, livishwe kinga ya joto, lipashwe njia nzima. Likizimika siku chache katikati ya jangwa, linageuka mshumaa wa kilomita mia nane.

Kisha kuna maji. Shinikizo la asili katika miamba ya Lokichar peke yake halitoshi kusukuma mafuta juu kwa miaka mingi. Ili kuyatoa, unasukuma maji chini kupitia visima vya pembeni, maji yanayaswaga mafuta kuelekea visima vya kutolea. Maji hayo katika Turkana yatoke wapi? Mpango ulikuwa kuyaleta kwa bomba kutoka Bwawa la Turkwel, lililozinduliwa mwaka 1991 kwa ajili ya umeme. Mtu anayetembea kilomita nyingi na mtungi kichwani alielezwa kwamba maji ya Turkwel yatashushwa chini ya ardhi ili mafuta yapande. Sijui mhandisi gani angeweza kulisema hilo barazani bila kukohoa.

Visima vyenyewe vilipangwa kwa njia ya kisasa ya kuvikusanya. Badala ya kutapanya viwanja kila mahali, unajenga kiwanja kimoja na kutoka hapo unachimba visima vingi vinavyopinda kila upande chini ya ardhi. Mpango wa mwaka 2018 ulizungumza kuhusu visima 210 kutoka viwanja 18 katika eneo la Ngamia, na visima 70 kutoka viwanja 7 katika Amosing. Gharama hadi pipa la kwanza ilikadiriwa dola bilioni 2.9: bilioni 1.8 kwa visima na mitambo, bilioni 1.1 kwa bomba. Hiyo ndiyo pesa unayotoa kabla hujapokea hata shilingi.

Wakati Turkana inahesabu hivyo, kwingineko duniani kulikuwa na watu waliokuwa wakichimba kwa njia ambayo ilikuja kuushinda mradi huo kwa bei.

George Mitchell, mtoto wa mhamiaji wa Kigiriki huko Texas, alitumia miaka mingi kujaribu kutoa gesi katika mwamba wa tope unaoitwa Barnett, karibu na Fort Worth. Mwamba wa aina hiyo una gesi au mafuta ndani yake lakini hauyaachilii, kwa kuwa vinyweleo vyake ni vidogo mno. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 kampuni yake ilipata njia ya kuupasua kwa maji mengi yenye mchanga na kemikali kidogo yaliyosukumwa kwa shinikizo kubwa: maji hufungua nyufa, mchanga hubaki ndani kuzizuia zisijifunge. Mwaka 2002 kampuni ya Devon iliinunua Mitchell Energy kwa dola bilioni 3.5 na kuunganisha upasuaji huo na uchimbaji wa mlalo, kisima kinachoshuka kilomita mbili kisha kupinda na kutembea ubavuni ndani ya tabaka moja. Baadaye njia hiyo ikahamia kwenye mafuta, North Dakota na Texas. Marekani iliyokuwa ikitoa karibu mapipa milioni 5 kwa siku mwaka 2008 ilipita milioni 9 mwaka 2015.

Wengi walishangazwa na wingi huo. Kilichostahili kushangaza zaidi ni mwendo wa pesa. Kisima cha kupasua huchimbwa kwa wiki chache. Hutoa mafuta mengi miezi ya mwanzo, kisha huporomoka: mwaka wa kwanza haujaisha, zaidi ya nusu ya nguvu yake imekwisha. Inasikika kama ubaya, na kwa mwenye shamba ni ubaya. Kwa mwenye benki ni uzuri, kwani mtaji wake unarudi haraka, na bei ikishuka anaacha kuchimba kesho asubuhi. Kinachohitajika kiko tayari: barabara, mabomba, matangi, mafundi, mahakama inayojua mikataba, mwenye ardhi anayemiliki mafuta yaliyo chini ya shamba lake na kulipwa mrabaha wake kwa hundi. Mradi wa Lokichar ulitaka kinyume cha kila kitu hicho: mabilioni mwanzoni, miaka mingi ya kungoja, na uhakika kwamba bei haitaanguka katikati.

Ikaanguka. Juni 2014 pipa la Brent lilikuwa dola 115. Novemba 27 nchi za OPEC zilikutana Vienna zikakataa kupunguza uzalishaji, zikitumaini kuwachosha Wamarekani. Mwanzoni mwa 2016 pipa lilishuka chini ya dola 30. Wachimbaji wengi wa Texas walifilisika, wengine wakajifunza kuchimba kwa bei nafuu zaidi, na mafuta yao yakarudi. Lokichar haikuwa na nafasi ya kujifunza kwa kufilisika mara tatu. Kuanzia hapo kila tarehe ya pipa la kwanza la Kenya ilisogezwa mbele, na kila mara ilisogezwa kwa sababu nzuri.

Aprili 2016 likaja pigo jingine. Uganda ilikuwa na mafuta yaliyogunduliwa tangu 2006 kando ya Ziwa Albert, nayo yana nta. Ilikuwa imepangwa kwamba bomba moja lipite Lokichar hadi Lamu, nchi mbili zikigawana gharama. Uganda ikachagua Tanga. Bomba hilo la kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani lilisanifiwa kupashwa joto la nyuzi 50. Kenya ikabaki na bomba peke yake na mafuta machache ya kulilipia. Hesabu ya kila pipa ilipanda bila mtu yeyote kugusa keekee.

Uganda inafaa kutazamwa kidogo, maana hapo ufundi mgumu uliwezekana. Katika Kingfisher, upande wa kusini mashariki wa Ziwa Albert, Wachina wa CNOOC huchimba kutoka ufukweni. Visima vinaanzia nchi kavu, vinapinda na kwenda chini ya ziwa, ili kusiwe na jukwaa la chuma juu ya maji ya wavuvi. Tilenga, mradi wa TotalEnergies, umepanga visima zaidi ya 400 kutoka viwanja 31, vingine ndani ya hifadhi ya Murchison Falls. Uamuzi wa kuwekeza ulitiwa sahihi Februari 2022. Akiba ya Uganda inayoweza kutolewa hukadiriwa mapipa bilioni 1.4, na wingi huo ndio unaobeba gharama ya ufundi na ya bomba. Kenya, kwa makadirio ya Tullow ya mwaka 2021, ingetoa mapipa milioni 585 katika maisha yote ya mradi.

Huku nyuma Kenya ilijaribu njia ya mkato. Tarehe 3 Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta alipunga bendera Lokichar, malori manne yakaondoka na mapipa 600 kwenye matangi yaliyovishwa kinga ya joto. Yalikwenda zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Kitale, Eldoret na Nakuru hadi Changamwe, kwenye matangi ya kiwanda cha kusafishia kilichoacha kusafisha mwaka 2013. Kabla ya mwezi kwisha wenyeji wa Turkana waliyasimamisha malori wakilalamikia usalama, na kazi haikuendelea hadi Agosti. Malori yalirudi barabarani, mapipa yakalimbikizwa, na Agosti 2019 meli Celsius Riga ikaondoka Mombasa na mapipa 200,000. Shehena hiyo iliingiza dola milioni 12, yaani dola 60 kwa pipa. Serikali ilisherehekea, lakini hakuna aliyedai kwamba malori yale yalilipa. Yalikuwa maonyesho, na kwa kuwa maonyesho yana thamani yake, soko la dunia liliujua mchanganyiko wa Turkana na bei yake.

Mwaka huohuo wa 2019 sheria mpya ya petroli ilisainiwa. Ilisema kwamba katika mgao wa serikali, asilimia 20 itakwenda kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya eneo. Muswada wa awali uliipa jamii asilimia 10. Rais aliurudisha bungeni mwaka 2016, na asilimia hizo zikakatwa nusu. Wazee wa Turkana walibishania asilimia za kitu ambacho hakijauzwa, na sidhani walikosea. 

Desemba 2019 Tullow walibomoka kwa sababu ambazo hazikuhusu Turkana: visima vyao vya Ghana vilitoa chini ya matarajio, na mafuta waliyoyapata Guyana yakawa mazito yenye salfa nyingi. Mkurugenzi mkuu akaondoka na hisa zao zikaporomoka kwa siku moja. Kisha ugonjwa wa korona ukazima safari za dunia. Tarehe 20 Aprili 2020 pipa la Marekani liliuzwa kwa bei hasi, dola 37 chini ya sifuri, kwa sababu matangi ya kuhifadhia yalikuwa yamejaa na wenye mikataba walilipa watu wayachukue. Mwezi wa tano Tullow wakatangaza kwamba wanazuiwa na hali isiyozuilika, wakaliondoa tangazo miezi michache baadaye. Malori ya Lokichar yakasimama kabisa mwezi wa sita.

Mpango mpya wa 2021 ulipanua kila kitu: mapipa 120,000 kwa siku, bomba kubwa zaidi, dola bilioni 3.4. Ulikuwa na mantiki, kwani bomba moja likibeba mafuta mengi, kila pipa hulipa kidogo. Ila mshirika mkubwa wa kuleta pesa hakupatikana. Mwaka 2023 washirika wa Tullow katika mradi huo, Africa Oil na TotalEnergies, walijitoa, wakiwaachia Tullow asilimia mia moja ya mradi ambao hawakuwa na uwezo wa kuujenga. Aprili 2025 Tullow wakakubali kuuza mali zao zote za Kenya kwa Gulf Energy, kampuni ya Kenya, kwa angalau dola milioni 120. Kumbuka kwamba washirika wale watatu walikuwa wametumia takriban dola bilioni 2 kutafuta na kupima.

Soma tena kuhusu Brunner Mond, 1924.

Gulf Energy wamekuja na mpango mdogo kuliko wa Tullow: kuanza na mapipa 20,000 kwa siku, kupanda baadaye hadi 50,000, na bomba la Lamu lingoje. Kwa macho ya uchumi huu ndio mpango wa kwanza unaofanana na somo la Texas: anza kidogo, rudisha pesa, ongeza. Lakini Texas hawasafirishi nta kwa lori zaidi ya kilomita elfu. Malori manne ya 2018 yalibeba mapipa 600, wastani wa 150 kila moja. Mapipa 20,000 kwa kipimo hicho ni malori zaidi ya 130 yanayoondoka kila siku, na ikiwa kila moja huhitaji siku sita kwenda, kupakua na kurudi, ni kundi la malori 800 kwenye barabara ya Lodwar hadi Kitale na ile ya Mombasa, lori moja moja likiwa na mafuta yasiyotakiwa kupoa. Lokichar haina reli. Tawi la zamani la reli linaloishia Kitale liko mamia ya kilomita kusini. Yeyote atakayejenga kitu cha kudumu kati ya sehemu hizo mbili, iwe bomba au chuma, gharama zake, kwa mfumo wa mikataba ya kugawana uzalishaji, zitarudishwa kwanza hadi kikomo kilichowekwa, na kinachobaki ndicho kitagawanywa kwa serikali, kaunti na jamii.